Ndege ya Bati Uani: Kazi Yote Iko Kwenye Tundu

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, anauza mabati. Siku moja alipita uani kwangu kuazima ngazi, akakuta bamba la alumini limelala mezani. Alilishika pembeni kwa vidole viwili, akalikunja kidogo, likamrudia mkononi kwa kishindo. Akaniangalia kwa huruma.

"Fundi, hata banda la kuku siwezi kuliezeka kwa hili."

Hakukosea. Lile bamba lina unene wa milimita 0.4, haliachani sana na bati la geji 28 analouza yeye dukani. Ila bati lake litakaa juu ya kenchi likingoja mvua, na hili langu ni ngozi ya usukani wa mkia wa ndege, kile kipande cha wima kinachoupeleka mkia kushoto na kulia. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akasahau ngazi.

Swali lililokuwa nyuma ya kicheko chake naulizwa kila wiki. Inakuwaje mtu mwenye meza ya mbao, drili, tupa na kompresa ndogo ajenge nyumbani ndege ya bati ambayo binadamu mwenye akili zake atakubali kuipanda? Inawezekana, na duniani zipo maelfu. Ndege za jina la RV peke yake, zilizobuniwa na Mmarekani Richard VanGrunsven na kuuzwa vipandevipande ili mnunuzi aunge mwenyewe, zimeshajengwa na kurushwa zaidi ya 10,000. Lakini ugumu wa kazi hii haupo pale vijiwe vinapouweka. Vijiweni wanasema ugumu ni injini, au hesabu za bawa. Injini inanunuliwa. Hesabu za bawa alishazimaliza mbunifu kabla hujamjua. Mimi nimekaa na usukani huu mmoja karibu mwaka mzima, na kilichonitoa jasho ni tundu. Tundu la milimita tatu na ushei, moja baada ya jingine.

Kopo la soda

Kabla ya tundu, tumalize habari ya wembamba. Chukua kopo tupu la soda ambalo halijabonyea, lisimamishe sakafuni, mtu mzima apande juu yake polepole kwa mguu mmoja. Litambeba. Sasa akiwa bado juu, mtoto aliguse kopo ubavuni kwa vidole, huku na huku kwa pamoja. Linasagika hapo hapo. Ukuta wa kopo lile una unene wa kama milimita 0.1, na ulibeba kilo sabini mpaka pale umbo lake lilipoharibiwa.

Ndege ya bati ni kopo hilo. Bamba jembamba lina nguvu kubwa ya kuvutwa na kusukumwa, mradi tu lisipewe nafasi ya kujikunja. Kwa hiyo ndani ya bawa kuna mbavu, nazo ni za bamba hilo hilo lililokunjwa kingo, na kazi yao kubwa ni kuishikilia ngozi isipoteze umbo. Ukikata ubavu matundu makubwa ya mviringo katikati na kuzikunja kingo zake, unapata ubavu mwepesi zaidi ambao pia ni mgumu zaidi kupinda. Wageni wakiyaona matundu yale hudhani nimeishiwa bati.

Mtu wa pwani atafikiria jahazi, na mfano unasaidia hadi mahali fulani. Fundi wa jahazi analaza mkuku, anasimamisha mataruma, ndipo anapigilia mbao. Ndege za mwanzo zilikuwa na roho hiyo: kiunzi cha mbao kinabeba kila kitu, juu yake kitambaa cha kuzuia upepo tu. Mwaka 1915 Mjerumani Hugo Junkers akaleta ndege iliyovikwa bamba za chuma, ikaitwa na watu wake "punda wa bati" kwa uzito wake. Ilikuwa nzito kweli, lakini ilionyesha kwamba ngozi yenyewe inaweza kushiriki kubeba mzigo. Baadaye alumini ikashika nafasi ya chuma, na hapo ngozi ikawa sehemu ya mifupa.

Hapa ndipo zinapokwama zile video zinazozunguka kwenye WhatsApp, za kijana aliyechomelea helikopta kwa mabomba ya maji na injini ya pikipiki. Simcheki kijana yule, kulehemu kwake mara nyingi ni kuzuri kuliko kwangu. Kinachomwangusha ni mizani. Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, na bomba la maji limetengenezwa bila mtu kujali gramu. Ndege nyingine huundwa kwa mabomba ya chuma na huruka vizuri, lakini ni mabomba membamba ya chuma maalumu, yaliyopimwa unene wake kipande kwa kipande.

Alumini si moja

"Basi si ukanunue alumini ya madirisha pale mjini?" Hilo nimeulizwa hata na shemeji yangu, ambaye madirisha ndiyo kazi yake.

Alumini tupu ni laini. Sufuria inayopigwa na mafundi wetu kwa alumini chakavu inafaa sana kwa ubwabwa, lakini hakuna anayejua ndani yake mna nini. Ya madirisha inachaguliwa kwa sababu inapita kirahisi kwenye mashine ya kuchomozea maumbo na inapendeza ikipakwa rangi. Ya ndege ni jambo jingine. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alikuwa akichanganya alumini na shaba kidogo na magnesiamu, akiichoma na kuipoza ghafla kwa maji. Kipande kilichotoka majini kilikuwa cha kawaida tu. Kilipoachwa siku chache na kupimwa tena, kilikuwa kimekuwa kigumu chenyewe, bila kuguswa na mtu. Shaba iliyoyeyuka ndani ya alumini ilikuwa imejikusanya katika chembe ndogo mno, na chembe hizo huzuia tabaka za metali zisiteleze moja juu ya nyingine.

Mjukuu wa kipande hicho leo anaitwa kwa namba tu, 2024, na ikiwa katika hali inayoandikwa T3 nguvu zake zinafika za chuma cha kawaida cha ujenzi kwa uzito unaozidi theluthi kidogo tu. Hiyo ndiyo ngozi ya RV. Ile iliyo mezani kwangu ni 6061, yenye magnesiamu na silikoni, haina nguvu kama 2024 lakini inavumilia kutu zaidi, nayo ndiyo aliyoichagua Chris Heintz, mbunifu wa ndege za Zenith kule Missouri, Marekani. Kampuni hiyo humuuzia mtu usukani peke yake kwanza, ajipime kabla ya kutia fedha kwenye mabawa. Ndivyo nilivyoanza na mimi, na ndiyo maana uani kwangu hakuna ndege, kuna usukani. Nalisema mapema asije mtu akafunga safari kutoka Korogwe.

Ile 2024 ina udhaifu mmoja ambao muuza mabati atauelewa haraka. Shaba iliyompa nguvu ndiyo inayomletea kutu. Kwa hiyo kiwandani huvikwa pande zote mbili utando mwembamba wa alumini safi, unaotangulia kuliwa ili kilicho chini kipone, kama vile zinki inavyolilinda bati la paa. Ndiyo sababu fundi wa ndege hachori mstari kwa msumari, maana mkwaruzo mmoja umeshachana kanzu. Na hachori kwa penseli. Hili lilinishangaza nilipolisoma: risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni ikigusana na alumini penye unyevu huwa betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Michoro yangu yote ni ya kalamu ya wino mzito.

Tundu

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Kwa nini ribiti, vile visumari vya kuunganishia bamba, na si kuchomelea? Kwa sababu ule ugumu wa Wilm ulipatikana kwa moto uliopimwa, na moto usiopimwa unaufuta. Ukiichomelea 2024 utapata mshono unaopasuka na, pembeni yake, alumini iliyorudi kuwa laini. Gundi zipo na zinatumika, ila zinataka usafi na joto ambavyo si rahisi kuvipata uani kwa mtu. Ribiti inashikilia bila kuchoma. Ndege ndogo ya watu wawili inaweza kuwa nazo zaidi ya 10,000, na kila moja inaingia kwenye tundu ambalo mtu amelisimamia.

Tundu moja linafuata njia hii. Unabana bamba mbili pamoja zikae zitakavyokaa maisha yao yote. Unatoboa. Unaingiza pini ya springi inayoshikiza bamba zisihame; pini za rangi ya shaba ni za tundu la milimita 3.2, nyeusi ni za 4, na baada ya saa mbili usukani unaonekana kama nungunungu. Ukishatoboa yote, unabomoa. Ndiyo, kazi yote ya jana unaitenganisha tena kipande kwa kipande, kwa sababu drili imeacha uchafu katikati ya bamba na ukingo mkali kila upande wa kila tundu. Unaukwangua ukingo ule kwa kukizungusha kikwangulio kidogo kwa vidole, mara moja au mbili, polepole. Ukizidisha umelitanua tundu. Ukipunguza umeacha jino. Unafuta vumbi, unapaka rangi ya kuzuia kutu, unaunga tena na pini zako, na ndipo tu ribiti ya kwanza inaingia.

Kwa nini tujisumbue hivyo kwa jino lisiloonekana? Kwa sababu bawa halibebi mzigo mara moja likapumzika. Linapinda na kunyooka kila wimbi la hewa, mara maelfu, na metali inayopindwa hivyo huchoka. Mkazo unaosafiri ndani ya bamba ukifika kwenye tundu hulizunguka, ukajikusanya pembeni mwa tundu hadi kufika kama mara tatu ya ulivyokuwa. Kama pembeni hapo pana jino au mkwaruzo, ufa unaanza hapo. Ni kama kuchana kanga: mkono peke yake unaweza kuhangaika, lakini ukitanguliza kajichano ka sentimita moja ukingoni, kanga nzima inafuata.

Usidhani ni ushirikina wa mafundi. Mwaka 2023 kampuni ya VanGrunsven, yule wa ndege za RV, yenye uzoefu wa miaka hamsini, iligundua kwamba sehemu nyingi ilizokuwa imezikata kwa mwanga wa leza badala ya kuzitoboa kwa mashine ya kugonga zilikuwa na kasoro kwenye kingo za matundu. Tundu lilipobonyezwa ili kichwa cha ribiti kilale sawa na ngozi, mengine yalifanya nyufa. Sehemu hizo zilikuwa zimekwisha kufika kwa wateja zaidi ya 1,800. Desemba mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikajipanga upya, ikaendelea. Kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, na kilichoipeleka mahakamani kwa sehemu kubwa ni ukingo wa tundu.

Ribiti zenyewe ni za makabila mawili. Ya kwanza ni kisumari cha alumini chenye kichwa upande mmoja. Unakipitisha tunduni, mtu mmoja anagonga kichwa kwa bastola ya upepo, mwenzake upande wa pili ameegemeza kipande cha chuma kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Mkia wa ribiti unajibonyeza ukawa kichwa cha pili, na kiwiliwili kinavimba mpaka kulijaza tundu lote. Kipimo chake hakina mjadala. Ribiti ya milimita 3.2 ikishapigwa, kichwa kipya kiwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 4.8, na kimo cha nusu, 1.6. RV nyingi hujengwa kwa hizi. Ya pili ni ribiti ya kuvuta, ile anayoijua kila fundi wa milango ya alumini: inaingia kutoka upande mmoja, koleo linavuta kisumari cha ndani, kisumari kinakatika kwa mlio, kazi imekwisha. Zenith hutumia hizi, ila za daraja la ndege, na koleo lake lina mdomo uliochongwa ili kichwa kitoke cha mviringo.

Kuna mzee mmoja hapa mtaani, mstaafu wa reli, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mabehewa na injini za mvuke. Alikuja na fimbo yake, nikampa kiti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimeambiwa unapiga ribiti. Moto uko wapi?"

Nikamweleza kwamba hizi hupigwa baridi. Akatikisa kichwa. Wao, alisema, walikuwa wakizichoma mpaka ziwe nyekundu kama kaa, wanapiga haraka, na zikipoa zinajikunja na kuzivuta bamba mbili zikabanana zenyewe. Hizo ni ribiti za chuma. Za alumini hupata nguvu kwa kule kuvimba ndani ya tundu, kwa hiyo tundu likiwa pana au la mshazari hakuna joto la kukuokoa. Babu alisikiliza, akachukua kipande changu cha mazoezi, akakigonga kwa kucha ribiti moja baada ya nyingine akiwa ameinamisha sikio. Kwenye ya saba akasimama. "Hii imelala." Niliipima baadaye. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea upande.

Ubavu ulioniponyoka

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ribiti ya kuvuta, zile zinazosemwa kuwa rahisi. Moja kwenye ubavu wa juu wa usukani ilikaa bila kushika bamba vizuri. Ukipitisha kipande cha karatasi chini ya kichwa kinaingia. Ribiti mbovu hutolewa kwa drili. Nikaweka ncha katikati ya kichwa, nikabonyeza.

Nililolisahau ni kwamba ndani ya ribiti ile mna kipande cha kisumari cha chuma kilichobaki baada ya kukatika. Ilipasa nikisukume nje kwanza kwa msumari butu. Ncha ya drili ilipokikuta, ikateleza kutoka kwenye kigumu kwenda kwenye laini, ikala ubavuni mwa tundu. Ribiti ilitoka. Tundu lilibaki kama yai.

Mpwa wangu, aliyekuwa ameshika taa, akaniambia, "Mjomba, tia kubwa yake." Ni wazo zuri na ndivyo inavyofanyika: tundu la 3.2 likiharibika unapanda hadi 4. Lakini ipo kanuni nyingine. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba pawe na angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti, la sivyo bamba litachanika kuelekea ukingoni. Tundu langu lilikuwa milimita 7 kutoka ukingoni. Kwa ribiti ya 3.2 zinatakiwa 6.4, nilikuwa salama. Kwa ya 4 zinatakiwa 8.

Tulipima mara tatu, kila mmoja akitumaini mwenzake kakosea. Halafu nikautoa ubavu wote, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu neno MBOVU, nikautundika msumarini kwenye ukuta wa banda. Wapo watakaosema milimita moja kwenye usukani wa mkia haiui mtu. Huenda. Lakini mkaguzi hataiona, rubani hataiona, na mtu pekee anayeijua ni yule aliyeshika drili. Ndege ya kiwandani ina watu wa kukagua kazi ya mwenzao. Uani kwangu fundi na mkaguzi wa kila siku ni mtu yule yule, na saa nne usiku huwa wamechoka wote wawili.

Hapo ndipo muda unapokwenda. RV inachukua saa 1,500 na kuendelea kwa mtu mmoja. Ukifanya kazi kwa muda wa saa mbili kila usiku, siku tano kwa wiki, hiyo ni karibu miaka mitatu, bila kuhesabu umeme kukatika, Ramadhani, misiba na bamba kukawia bandarini. Jirani wa upande wa pili naye ana haki zake, maana bastola ya ribiti ikigonga ngozi ya ndege inasikika kama mvua ya mawe juu ya paa la msikiti. Mimi huacha kelele zote kabla ya saa mbili usiku. Baada ya hapo nakwangua matundu, kazi isiyo na kelele.

Chumvi, mzega na karatasi

Tanga ina jambo lake. Hewa ya Ngamiani usiku ukiiacha juu ya spana, asubuhi spana imebadilika rangi. Alumini haifanyi kutu nyekundu, hutoa unga mweupe, na unga huo huanzia palipofichika, pale bamba mbili zinapolaliana. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, ikitoka Hilo kwenda Honolulu, ilipasuka paa la mbele ikiwa angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Rubani aliweza kutua. Ndege ile ilikuwa imeruka karibu mara 90,000, safari fupifupi kutoka kisiwa hadi kisiwa, miaka 19 katika hewa ya bahari. Gundi iliyounga bamba zilizolaliana ilikuwa imeachia, kutu ikaingia, mzigo wote ukaangukia ribiti, nyufa ndogo zikaota kwenye matundu jirani mpaka zikashikana mikono. Kwa hiyo mtu wa pwani hapaki rangi ya kinga juu tu. Anapaka kila uso wa ndani kabla haujafunikwa, na vitu vya chuma vinavyogusa alumini havikutani na chumvi bila kitu katikati. Na usisahau nyigu. Tundu lolote lililo wazi kwa wiki moja Tanga limeshapata mpangaji na nyumba ya udongo. Kwa ndege iliyokamilika, mrija unaopima mwendo kwa upepo hufunikwa kila inapolala.

Ila usipake sana. Uzito wa mkia ni habari ya mzega. Mchukuzi wa maji akijaza ndoo moja kupita nyingine, bega lazima lisogee kuelekea ndoo nzito, la sivyo mti unapinduka. Bega la ndege ni bawa, nalo halisogei. Gramu 100 za rangi kwenye usukani ulio mita nne nyuma ni sawa na gramu 400 zilizo mita moja nyuma. Mkia ukizidi, pua inataka kupanda yenyewe, na rubani anaweza kukosa nguvu ya kuishusha. Ndege ikikamilika huwekwa juu ya mizani mitatu, kila gurudumu na wake, na hesabu hiyo huandikwa na kubaki na ndege.

Injini nitaipita haraka kwa kuwa haijengwi uani. Rotax 912 ya Austria, farasi 80 au 100, ndiyo inayopendwa kwa ndege nyepesi. Inazunguka hadi mara 5,800 kwa dakika na gia zake hupunguza kasi kabla ya kufika kwenye propela. Ikiwa mpya inavuka dola 20,000. Hapo wengi wetu hunyamaza kidogo.

Karatasi haziruki, lakini ndege bila karatasi hairuki pia. Marekani, ambako chama cha wajenzi wa aina hii, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mtu anayejenga kwa kujifunza au kujifurahisha, na ndege mpya kwa kawaida hutumia saa 40 au 25 za mwanzo, kutegemea injini na propela yake, katika eneo la majaribio bila abiria. Hapa kwetu ndege hubeba herufi 5H, na hizo hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na ruhusa yoyote ya kuruka. Nenda kwao ungali na mchoro mkononi, kabla hujalipia bamba hata moja, uwaulize wanataka kuona nini na lini. Mkaguzi hawezi kuona ndani ya bawa lililofungwa. Ndiyo sababu nina daftari lenye tarehe, saa na picha ya kila hatua, pamoja na picha ya ule ubavu mbovu.

Jirani yangu wa mabati alirudi juzi, safari hii kwa ajili ya ngazi kweli. Akaupima mlango wa banda kwa macho, akaniuliza bawa litapitaje. Mabawa hujengwa mbali na kiwiliwili na kufungwa kwa boliti uwanjani, nikamwambia, na kila moja litapita likiwa limesimama kwa ubavu. Kipimo cha mlango hadi uchochoroni nimekwisha kukichukua. Kwa sasa nangoja ubavu mwingine kutoka Missouri, na mpwa wangu ameshanunua msumari butu wa kusukumia.